Shairi Halingoji Nyumba Ilale

Asalaam aleikum. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi waume wachache mliojitokeza, karibuni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata nafasi ya kutunga mashairi ukiwa na nyumba na watoto. Nasaha ninayoisikia kila mara ni hii: amka kabla ya adhana ya alfajiri, nyumba imetulia, uandike. Anayesema hivyo hajanyonyesha. Kwa mama wa mtoto mchanga, saa ile ndiyo usingizi wake wa pekee, nami simshauri mtu auuze kwa beti.

Tuanze na mtu wetu. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alitunga utendi wake, shairi refu la kumuusia binti yake, mwaka 1858. Alikuwa mjane, na maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Sasa tazameni anavyoanza. Anamwita binti yake, anamwambia asogee, akae kitako, aje na wino na karatasi. Mtoto hakufukuzwa akacheze nje ili mama apate kutunga. Mtoto ndiye aliyeitwa, na ndiye aliyekusudiwa. Mawaidha yenyewe kuhusu mume na mke tutayabishania siku nyingine, maana najua hapa wapo waliokwisha kununa. Mimi leo nataka ule mwito tu: njoo, keti, leta wino. Beti mia na kitu zikatoka katika nyumba yenye mgonjwa na mtoto.

Na ziliwezekana kwa sababu ya umbo lenyewe. Utendi una vipande vinne katika kila ubeti, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Vitatu vya mwanzo vinaishia kwa kina kimoja, yaani sauti moja, cha nne kinaishia kwa kina chake ambacho kinarudi ubeti hadi ubeti mpaka mwisho. Nyosheni mikono. Ondoeni vidole gumba. Vilivyobaki ni vinane: hicho ni kipande kizima, mkononi, bila kalamu. Ubeti mmoja unabebeka kichwani tangu sokoni mpaka nyumbani, hata ukikutana na punda wawili wamebeba mawe kwenye kichochoro ikabidi ujibanze ukutani. Shairi la mizani kumi na sita, la vina vya kati na vya mwisho, ni zito zaidi kulibeba hivyo. Mashairi huru nayapenda kuyasoma, lakini mwenye mtoto mgongoni akiyatunga kichwani yanamponyoka, kwa kuwa hakuna kina cha kumrudisha alipoachia.

Niwaonyeshe. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, wali uko jikoni, mwanangu wa mwisho analia mlangoni. Kikaja kipande: *Mwanangu usinilie*. Nikakihesabu kwa mikuno ya nazi, nane. Cha pili kikafuata chenyewe, *tui nami nilitie*. Cha tatu kikaja *kisha nije nikubebe*. Hesabu: mizani nane kamili, lakini kina ni *be*, na mimi nataka *ie* kama ya *lie* na *tie*. Basi nikakiacha. Nikakamua tui la kwanza nikaliweka kando, maana hilo hutiwa mwisho, nikakamua la pili nikamimina chunguni. Nilipokuwa nakung'uta chicha ndipo neno likaja:

*Mwanangu usinilie,*
*tui nami nilitie,*
*kisha nikukumbatie*
*usingizi ukingia.*

Si ubeti wa kutikisa mji. Lakini ni mzima, hauna guni, yaani kosa la vina au mizani, na wali haukushika chini.

Kuna hatari moja, na hii nitaikazia. Ubeti wa kichwani unakaa mpaka mgeni abishe hodi. Kwa hiyo lazima ushuke mahali siku hiyo hiyo. Mikono yangu ikiwa na unga, binti yangu hunishikia simu nikaurekodi kwa sauti. Ameanza kunisahihisha: "Mama, hicho kina mizani saba." Zile sauti zikiachwa zinarundikana usizijue, kwa hiyo baada ya isha naziandika kwenye daftari, hata kama ni moja tu. Kusanifu, kupanga beti, kukata zile dhaifu, hiyo ndiyo kazi inayotaka kuketi, na hapo ndipo watu wa nyumbani wanatakiwa wasaidie.

Nasema watu wa nyumbani, waume mmenisikia. Mwanamume akijitenga barazani akasema anatunga, hakuna amwitaye. Chai humfuata huko huko. Mwanamke akiketi na daftari, kila mtu anakumbuka shati lake. Hapa Lamu tunaye Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi, aliyejipatia riziki kwa kuoka mikate. Mtu wa unga na tanuri ametunga, basi nusu saa ya kulea wanawe isimtishe mume wa mtu yeyote humu. Ombeni nusu saa yenye jina: kati ya magharibi na isha, siku fulani. Ukisema "nikipata nafasi", hutaipata.

Swali? Dada wa mstari wa pili, mwenye mtoto begani. Unasema hujui uanzie wapi. Niambie tu hali yako sasa hivi, kwa maneno yako.

*Mtoto wangu halali.*

Hesabu vidole. Umepata saba? Rudia, umeiruka *m*. Ile *m* ya *mtoto* ni mizani peke yake: m-to-to, wa-ngu, ha-la-li. Nane. Tayari una kipande cha kwanza na kina chako ni *li*. Bado viwili vya *li* na kimoja cha kufungia. Nani atamshika mtoto?