Strima na DAC za Mamilioni: Masikio Yanapata Nini?

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Swali mlilonipa jioni hii ni la pesa, na nitalijibu kama la pesa. Mtu ana spika nzuri, ana amplifaya, anasikiliza muziki kutoka intaneti. Muuzaji anamwambia: bado hujausikia muziki, chukua strima ya maana na DAC ya maana, yaani kifaa kinachogeuza namba za muziki kuwa umeme wa sauti wa kwenda kwenye amplifaya. Bei inaanzia milioni kadhaa na haina dari. Seti ya dCS Varèse ya Waingereza, iliyotoka mwaka 2024, inapita dola 200,000. Je, masikio ya mnunuzi yatapata kitu ambacho kifaa cha bei ya chini hakitoi?

Jibu langu ni hapana. Lakini hapana tupu haimsaidii mtu aliyekwisha kutoa pochi, kwa hiyo twendeni taratibu.

Tuanze na strima. Hiyo ni kompyuta ndogo. Kazi yake ni kuchukua faili kutoka mtandaoni au kwenye diski na kuikabidhi kwa DAC. Kinachosafiri ni namba tu. Namba hizo zinakwenda kwa vifurushi, kila kifurushi kinakaguliwa, kilichoharibika kinatumwa upya, na kinachofika kinawekwa akiba kwenye kumbukumbu kabla hakijachezwa. Anayekutumia shilingi 50,000 kwa simu ya kitochi na anayekutumia kwa simu ya milioni tatu, salio lako linasoma vilevile. Mwaka 2015 Google walitoa Chromecast Audio kwa dola 35. Kilikuwa kifaa kinachoenea kiganjani, chenye njia ya kutolea namba kwa mwanga, na DAC iliyopokea namba zile haikuwa na namna ya kujua zimetoka kwenye kifaa cha bei gani.

Muuzaji mjuzi hapo atakuletea hoja ya saa, yaani kipima muda kilicho ndani ya kifaa. Atasema DAC inatoa sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, na kila moja lazima itoke kwa wakati wake, la sivyo sauti inachafuka. Ni kweli. Zamani, mashine ya kusoma CD ilipounganishwa na DAC ya pembeni, saa ilitoka kwenye mashine, na saa mbovu iliweza kuleta madhara yanayopimika. Ila DAC za siku hizi zinazopokea muziki kwa USB zina saa zake ndani, na zenyewe ndizo zinazomwambia mtumaji: ongeza, punguza. Saa ya strima haiingii tena kwenye hesabu. Hoja iliyokuwa ya haki miaka ile inauzwa leo kwa mtu asiyejua kwamba tatizo lilishatatuliwa.

Sasa DAC yenyewe. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, Sony na Philips walichagua biti 16 kwa kila sampuli na kilohezi 44.1, yaani zile sampuli 44,100 kwa sekunde. Hiyo inabeba masafa yote hadi kilohezi 20, ambayo watu wazima wengi hawayafikii kwa masikio yao, na inatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa. Leo kile kiunganishi kidogo cha Apple cha hedifoni, cha dola 9, kikipimwa kinaweka kelele na upotoshaji takribani desibeli 99 chini ya muziki. Fikirieni maana yake. Chumba kilichotulia usiku kina kelele ya desibeli kama 30. Ili uisikie kelele ya kifaa kile juu ya ukimya wa chumba, vilele vya muziki vingepaswa kufika desibeli 125 na zaidi, na hapo unaumiza masikio.

Linganisheni na upande wa pili wa waya. Vyumba vyetu vingi ni kuta za tofali, sakafu ya vigae, zulia hakuna. Humo besi inaweza kupanda au kushuka desibeli 10 kwa kusogeza kiti mita moja tu. Spika nayo ina makosa yanayosikika wazi. Mtu anamwaga pesa kurekebisha kitu kisichosikika, huku kinachosikika kinamkodolea macho. Hili linanikera kweli, kwa sababu wengi wanaonunua vifaa hivi wamedunduliza miaka.

Naona mkono kule nyuma. Kaka anasema ameusikia utofauti mwenyewe, dukani. Nakuamini kwamba ulisikia tofauti. Swali ni ilitoka wapi. DAC nyingi hutoa volti 2. Nyingine, hasa za bei kubwa, hutoa 2.5 au zaidi. Kutoka 2 hadi 2.5 ni karibu desibeli 2, na sikio halikuambii kwamba sauti imeongezwa, linakuambia kwamba imekuwa nzuri: besi imejaa, mwimbaji amesogea mbele. Kwa hiyo fanya hivi. Cheza mlio mmoja wa hezi 1,000. Shika mita ya volti, gusa terminali za spika, soma. Kama DAC ya kwanza inasoma 2.83, basi irekebishe ya pili isome kati ya 2.80 na 2.86. Kisha mwambie mwenzako abadilishe vifaa nyuma ya pazia kwa kurusha shilingi, na wewe utaje ni kipi. Rudia mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, niite, nitakaa kukusikiliza kwa heshima zote.

Waliofanya majaribio ya namna hii wapo. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha matokeo yao katika jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti. Walichukua muziki wa ubora wa juu kuliko CD, wakaupitisha katika kiwango cha CD, wakauliza wasikilizaji kama wanatambua. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni nusu, sawa na kubahatisha. Nisiwafiche upande wa pili: mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akapata majibu sahihi asilimia 52.3, na waliofundishwa kwanza walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo kuna kitu kidogo sana pale. Lakini hicho ni kitu cha faili, si cha bei ya kifaa, na ni chembamba mno kukitolea milioni.

Bei inanunua nini basi? Programu nzuri ya kutafuta nyimbo, kioo safi, kasha la alumini, fundi wa kukitengeneza baada ya miaka kumi. Ukivitaka hivyo, nunua kwa amani. Kuna pia sehemu ambako kuongeza pesa kidogo kunasikika: kompyuta ya zamani inayovuma kwenye hedifoni, au hedifoni nzito zinazohitaji nguvu. Hapo DAC ya dola 100 yenye amplifaya ya hedifoni ndani inamaliza kazi.

Swali la mwisho, dada hapa mbele, anauliza kuhusu kanda za marehemu baba yake, muziki wa dansi wa miaka ya 1970. Nyimbo nyingi za wakati ule zilirekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda za sumaku, na kanda ya aina hiyo ina nafasi ya desibeli 60 hivi juu ya kelele yake yenyewe. Kifaa chochote cha heshima cha kurekodia kwenye kompyuta kinaimeza yote na kubakisha nafasi. Pesa yako, dada, mpelekee fundi anayejua mashine za kanda: asafishe hedi, yaani kichwa kinachosoma kanda, aondoe usumaku uliobaki, anyooshe hedi hadi sauti za juu zifunguke, apime kasi. Fanya mapema, kwa sababu gundi ya kanda nyingine inaachia, na sauti iliyokwisha kubanduka haina DAC ya kuirudisha.