Mzee Isaka na ngozi ya mbuzi

Mbukwenyi! Mlionisikia nikiyasema haya Kongwa, nivumilieni. Mwanzo 27 mnaijua, siisomi: Isaka mzee, kipofu, anataka kumbariki mwanawe mkubwa Esau, mwenye mwili wa manyoya; mdogo wake Yakobo anavikwa ngozi ya mbuzi mikononi na nguo za Esau, anapeleka chakula, baraka anaichukua yeye. Leo nataka ngozi tu. Ngozi ya mbuzi.

Babu yangu kule Bahi alipofushwa na vikope. Jioni zizini tulimpitishia mbuzi mmoja mmoja. Anapapasa sikio, anashuka shingoni, anamtaja mama yake. Siku moja nikamsukumia mbuzi wa jirani, nikasema kwa adabu zote, "Babu, huyu wetu." Hakunijibu. Akashika sikio, akakuta mkato si wa kwetu, fimbo ikanipata mgongoni barabara. Kipofu huyo! Maneno yangu hata hakuyapa nafasi, aliuuliza mkono wake.

Sasa mrudieni Isaka. Haoni, na ile sauti ameitilia shaka waziwazi. Kilichomlainisha ni manyoya mikononi, harufu ya nguo na kile chakula. Neville Goddard, mzaliwa wa Barbados wa mwaka 1905 aliyehadhiri miaka mingi Marekani, aliwasoma hao wote ndani ya mtu mmoja: Isaka ni wewe uliyefumba macho, Esau ni hali uliyonayo, Yakobo ni ile unayoitamani. Ukifumba macho, Esau yuko porini anawinda. Ndiyo nafasi yenyewe. Basi usiku kitandani usiimbe "nitapata nyumba, nitapata nyumba." Hiyo ni sauti tu. Papasa kwa mawazo kitasa cha mlango wa nyumba hiyo. Nusa saruji mbichi.

Najua, mama pale mbele anatikisa kichwa: "Mwalimu, Yakobo si alidanganya?" Alidanganya, mama, na mjomba wake Labani akamrudishia kwa kipimo kilekile: alimtaka Raheli, akaletewa dada yake Lea usiku, akatumika miaka 20. Sijasema tumpe uzee wa kanisa! Nasema tazameni mkono wa Isaka. Na wewe kijana unayecheka, unayetaka gari bila kazi: wale wana-mbuzi wawili nani aliwafuata zizini, malaika?

Mshika saa ananionyesha vidole viwili, namalizia. Esau aliporudi na mawindo yake, Isaka alitetemeka sana, lakini baraka hakuirudisha. Hapo ndipo mnaponiangusha. Asubuhi mnamkuta Esau, ile hali yenu ya zamani, mlangoni, na madeni yake yaleyale, na bati lake linalovuja, mnamvutia kigoda akae.