Anakisikia, ila Hakiongei

Mhadhara kwa wazazi na walimu, Moshi

Mwenyekiti, wazee wetu shikamooni, wazazi wenzangu habari za asubuhi.

Leo nasema juu ya lugha zetu za nyumbani na jinsi zinavyopotea. Nitaanza na Kingasa. Walionisikia nikikisema kwingine wanivumilie, maana kila niendako hakosekani mtu wa kuniambia kwamba Kichagga hakiwezi kufa, Wachagga ni wengi. Upande wa mashariki wa mlima wetu, huko Rombo, waliishi Wangasa, na lugha yao inaitwa pia Ongamo. Si ya Kibantu; ni ndugu wa Kimaasai. Wanaisimu waliokwenda kuichunguza miaka ya 1970 walikuta imebaki kwa wazee. Watoto na wajukuu walikuwa wanasema Kirombo, yaani Kichagga cha Rombo. Wangasa walichanganyika na majirani, wakaoana nao, na lugha ya majirani ikaingia hadi jikoni. Wale watu hawakwenda popote. Damu yao ipo Rombo hadi leo, lugha ndiyo iliyoondoka. Na iliyoimeza si Kiswahili wala Kiingereza, ni Kichagga chenyewe! Kwa hiyo mtu asiniambie jambo hili haliwezekani hapa. Limeshatokea hapa hapa.

Sasa nendeni Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe. Wasemaji wa Kihadza ni kama elfu moja tu, na lugha yao haina ndugu anayejulikana duniani. Lakini watoto wao wanacheza kwa Kihadza, wanagombana kwa Kihadza. Sisi wenye vijiji na kata nzima nzima tunahesabu watu na kuridhika. Mimi idadi hainitulizi. Nikifika kwenye familia nauliza swali moja: mdogo kabisa anayesema lugha hii ana miaka mingapi? Wakinijibu minne, naondoka na amani. Wakinijibu arobaini na tano, najua tumebakiwa na muda gani.

Hapa mjini, Majengo, Pasua, Soweto, muulize kijana yeyote kama anajua lugha ya kwao. Jibu mnalijua: "Nakisikia, ila sikiongei." Na mzazi yuko pembeni anatabasamu, anaona si haba. Ni haba! Asikiaye tu hawezi kumlea mtoto kwa lugha hiyo, na mtoto wake hata kusikia hatasikia. Inachukua vizazi vitatu tu: bibi anasema, mama anasikia, mjukuu hana kitu.

Na tazameni kinachotokea pale nyumbani. Bibi anaanza kwa Kivunjo, Kichagga cha kwao Vunjo, mjukuu anajibu kwa Kiswahili. Baada ya siku mbili bibi ndiye anayehama. Anajikaza na Kiswahili chake, na kwa Kiswahili hicho anaishia kwenye umekula, umeoga, kalale. Huyu ni mwanamke anayeijua migomba yote ya kihamba chake, shamba lile la nyumbani, kwa majina, anajua ipi ni ya mtori na ipi ni ya mbege, anajua zamu za maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, zilivyopangwa na ukoo gani uliuchimba, anajua sale lile, mmea wa kuweka mpaka wa shamba, lilipandwa baada ya ugomvi gani. Yote hayo anayo kwa Kivunjo. Mjukuu anaondoka na umekula, umeoga.

Kuna watakaosema huu ni ukabila. Ndugu zangu, mimi nafundisha Kiswahili, hakuna wa kunifundisha kukipenda. Shule zetu za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na kimetuunganisha kweli. Lakini serikali hiyo hiyo, katika Sera ya Utamaduni ya 1997, ilihimiza lugha za asili zitafitiwe, ziandikwe, zitungiwe kamusi. Ukabila ni kumnyima mtu kazi kwa sababu ya jina lake la ukoo. Kumwimbia mwanao kwa Kimachame hakumnyimi mtu chochote.

Wengine wanasema mtoto atachanganyikiwa. Pandeni gari mpaka Kisongo siku ya mnada. Mtoto wa Kiarusha anazungumza na babu yake Kimaasai, anageuka anakubaliana bei na mnunuzi kwa Kiswahili, wala hachanganyikiwi. Kama baba ni wa Kibosho na mama ni Mpare, kila mmoja aseme ya kwao. Kichwa cha mtoto kina nafasi.

Halafu kuna swali wanalolipenda wasomi: Kichagga kipi? Mtu wa Machame na mtu wa Rombo hawasikilizani, tusanifishe kwanza. Hapana. Mtoto mchanga hasubiri kamati ya usanifishaji. Sema chako. Na maandishi peke yake hayatuokoi. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann alifika mlimani 1902, akajifunza Kimochi, Kichagga cha Old Moshi, na Agano Jipya la Kimochi likachapishwa 1939. Lipo. Waiteni vijana wa Old Moshi walisome kwa sauti, mtaona.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema juu ya kurekodi wazee kwa simu, na juu ya kwaya zetu, nayaacha. Rekodini tu, na mwandike jina la anayezungumza na mahali.

La Desemba siliachi. Mabasi kutoka Dar yatajaa, watoto watakuja na watakaa wiki mbili kihambani. Wazazi, msiwe wakalimani. Bibi akisema, nyamazeni, mwacheni mtoto ahangaike mpaka ajibu. Akikosea msimcheke, wengi wetu walinyamazishwa na kicheko cha binamu. Na nyie mlio na watoto wachanga, anzeni leo jioni, msingoje Desemba.

Walimu, bado kuna shule zinazomvisha mtoto kipande cha ubao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Ukiuona, utoe. Sasa maswali, tuanze na yule mama wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu niliposema Kingasa.