Mwamuzi Alikuwa Wapi?

Hamjambo wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama mnaotaka kutoroka. Viti viko huku mbele.

Leo tunazungumzia tuzo za muziki unaopigwa mbele ya watu. Neno lenyewe, tuzo, limetokana na kutuza. Aliyehudhuria taarabu Mombasa anajua: unainuka, unacheza taratibu hadi jukwaani, unamtia mwimbaji noti mkononi na wimbo haujakatika. Sisi huku Kisumu tuna pakruok. Unamsimamisha mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo, unajisifu, unamsifu shemeji yako, unalipa, naye anazidaka sifa hizo na kuzitia kwenye wimbo papo hapo. Kesho hautaimbwa vile tena. Hukuwepo? Basi.

Sasa tazameni Grammy, iliyoanza kutolewa 1959. Sanamu yake ni gramafoni! Ni tuzo ya kilichorekodiwa, na haifichi. Lakini Uingereza kuna Royal Philharmonic Society, chama cha tangu 1813, ndicho kilichomwagizia Beethoven simfoni yake ya tisa. Mwaka 1989 kilianzisha tuzo za muziki wa klasiki unaopigwa mbele ya watu.

Na sisi? Niliwahi kuitwa kwenye jopo moja, silitaji, tumchague mwanamuziki bora wa laivu. Tukaletewa klipu za dakika mbili mbili kwenye simu, tukapokezana tukila samosa. Mpiga orutu mmoja, ile fidla ya uzi mmoja, tulimshusha kwa sababu spika ya simu ilikuwa inakwaruza. Ya simu, si yake. Na sahihi yangu ipo pale.

Nyatiti ndiyo huumia zaidi. Simu itawapa nyuzi nane. Ile pete ya chuma ya kidole cha mguu inayogonga ubao, zile njuga za mguuni, zinamezwa. Na ndizo zinazowainua watu vitini!

Tamasha la Muziki la Kenya, la tangu 1927, halina ujanja huo. Mwamuzi yuko ukumbini na kalamu yake. Anamsikia mtoto akipotea ubeti wa pili, anamsikia akijirekebisha bila kusimama, kisha anainuka kuyasema hayo mbele ya kwaya nzima.

Kwa hiyo mnaopanga tuzo mwaka huu, mpeni mwamuzi nauli ya Ahero, ya Bondo, akeshe na bendi mpaka vyombo vifungwe. Ni gharama, najua. Zulia jekundu nalo ni gharama, na hilo hamjawahi kulikosa.

Maswali. Wewe wa mlangoni, anza.