Themista ndani ya bruda ya vifaranga

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Rehema, na niko na Mwalimu Bakari. Leo tunazungumzia themista, kile kipande kidogo cheusi kama punje ya pilipili manga kilichotiwa miguu miwili ya waya. Sababu yangu ni ya nyumbani: vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 ndani ya bruda, yaani boksi la kuwalelea kwa joto, nami siwezi kukesha nikiitazama taa.

BAKARI: Ahsante, dada Rehema. Niondoe kwanza dhana moja. Themista haitoi namba ya joto. Inachokifanya ni kubadili ukinzani wake tu, yaani kiasi inavyouzuia umeme, na kazi ya kuyageuza mabadiliko hayo yawe king'ora au feni ni ya saketi tunayoijenga sisi. Ubora wake ni kwamba mabadiliko yenyewe ni makubwa. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja, ilhali themista ya aina ya NTC hupunguza wa kwake kwa takriban asilimia 4.

REHEMA: Kwa nini shaba ipande na hii ishuke?

BAKARI: Ndani ya shaba elektroni tayari ziko huru, kwa hiyo joto linapozitikisa atomi huzidisha vikwazo njiani. Themista ya NTC haikutengenezwa kwa metali tupu, bali kwa oksidi za manganisi, nikeli, kobalti na nyinginezo, zilizosagwa, zikashindiliwa, kisha zikachomwa tanuruni kama chungu. Humo elektroni zimeshikiliwa mahali pake, na joto ndilo linalozipa nguvu ya kuruka kutoka ioni moja hadi nyingine. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo umeme unavyopata njia. Michael Faraday aliliona jambo la namna hii mwaka 1833 alipopasha moto salfaidi ya fedha. Ipo pia aina ya PTC, ambayo ukinzani wake hupanda ghafla ikifikia joto fulani, lakini hiyo hutumika zaidi kulinda mota na vifaa vingine, kwa hiyo tuiache.

REHEMA: Kwenye pakiti niliyonunua imeandikwa 10K na 3950.

BAKARI: Ya kwanza ni ukinzani wake katika nyuzijoto 25, yaani kiloomu 10. Ya pili huitwa beta, nayo inaeleza mteremko ulivyo mkali. Ukipiga hesabu kwa namba hizo utapata kiloomu 12.5 katika nyuzijoto 20, kiloomu 8 katika nyuzijoto 30, na kiloomu 6.5 katika nyuzijoto 35. Angalia kwamba hatua hazilingani, maana mchoro wake ni mkunjo, si mstari ulionyooka. Anayegawanya sawasawa kwa rula atadanganyika.

REHEMA: Basi tuijenge saketi.

BAKARI: Chukua volti 5 kutoka chaja ya simu. Unganisha rezista, yaani kizuizi cha umeme, ya kiloomu 10 kutoka chanya hadi themista, na mguu wa pili wa themista uende hasi. Pale zinapokutana, volteji ni 2.5 katika nyuzijoto 25, na hushuka hadi karibu volti 2 katika nyuzijoto 35. Sehemu hiyo ipeleke kwenye mguu namba 2 wa LM393, ambayo ni saketi unganishi ya kulinganisha volteji mbili. Mguu namba 3 uupe volti 2 kutoka rezista ya kuzungusha ya kiloomu 10. Mguu wa 8 ni chanya, wa 4 ni hasi.

REHEMA: Na king'ora kinakaa mguu namba 1, ule unaotoa jibu?

BAKARI: Si moja kwa moja, na hapa wengi hukwama. Mguu huo unaweza kuvuta kwenda hasi tu, hauwezi kusukuma. Kwa hiyo uunganishe na chanya kwa rezista ya kiloomu 1, kisha upitishe kiloomu 4.7 hadi kwenye besi, yaani mguu wa amri, ya transista ya BC547, na transista ndiyo iwashe king'ora kidogo. Ongeza rezista ya kiloomu 100 kutoka mguu 1 kurudi mguu 3. Bila hiyo, joto likielea kwenye mpaka king'ora kitakatakata kama mtu mwenye kwikwi. Ukiiweka, kikianza kulia hakinyamazi mpaka bruda ipoe kwa takriban nyuzijoto 2.

REHEMA: Nikiri kosa langu. Usiku wa kwanza niliifunga themista karibu na taa. King'ora kililia bila kukoma, nami nilipofunua nikawakuta vifaranga wamerundikana kwa baridi.

BAKARI: Themista ilisema kweli, ila ilisema habari za mahali ilipokuwa. Ining'inize kimo cha mgongo wa kifaranga, pembeni kidogo ya taa, pasipo upepo wa mlango. Wala usiache miguu yake wazi kwenye unyevu wa pumba na maji ya kunywa, kwa sababu maji hupitisha umeme kati ya miguu, ukinzani hushuka, na saketi hudhani kuna joto.

REHEMA: Je, umeme unaopita ndani yake hauipashi moto yenyewe?

BAKARI: Huipasha, lakini hapa ni chini ya miliwati 1, kiasi kisichofikia hata nyuzijoto moja. Ungechagua themista ya omu 100 na rezista ya omu 100, hapo ungekuwa na neno.

REHEMA: Na kuirekebisha?

BAKARI: Weka kipimajoto cha kawaida kando ya themista, subiri mpaka kisome 35 na kitulie, kisha zungusha ile rezista taratibu mpaka king'ora kianze kulia. Weka alama kwa kalamu ya wino.

REHEMA: Wiki ya pili nitashusha joto kidogo, kwa hiyo nitahitaji alama ya pili.

BAKARI: Na wino wa rangi nyingine.