Upepo wa Dodoma na safari ndefu ya pikipiki

Mbukwenyi! Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya safari ndefu kwa pikipiki, na naona waliokaa mbele wameshaanza kucheka, wanajua nitaanzia wapi. Ndiyo, naanza na upepo. Breki na helmeti kila mtu anawafundisha. Upepo hautajwi, na sisi tunaishi Dodoma!

Kiangazi upepo wetu kwa kawaida unatoka upande wa mashariki. Sasa toka mjini uelekee Iringa kwa njia ya Mtera. Mashariki iko mkono wako wa kushoto, kwa hiyo unasukumwa kulia, kwenye mstari wa kati, wanakotokea wenzako. Siku nyingine nenda Kondoa: upepo uleule sasa uko kulia, unakutoa nje ya lami. Ukienda Morogoro unaupokea kifuani. Huo hautakuangusha kirahisi, ila utakula petroli, na hesabu ya mafuta uliyoipiga siku tulivu haitakufikisha.

Kuna kijana atasema, "Mzee, upepo unanipiga kila siku na sijaanguka." Hujaanguka kwa sababu upepo wa mfululizo unauzoea, unailaza pikipiki kidogo kuuelekea, mambo yanaenda. Unaoangusha ni ule unaokatika ghafla na kurudi. Na anayeukata ni lori. Uko njia ya Mtera, unalipita semi. Ukifika ubavuni mwake, upepo kimya, lori limekukinga. Lakini wewe bado umelala kushoto, basi pikipiki inaanza kusogelea magurudumu yake. Unajirekebisha. Ukichomoza mbele ya kichwa chake, upepo unarudi wote kwa mkupuo na kukutupa kulia. Kama uliacha nafasi, utayumba tu. Kama ulibana, na lori lingine linakuja mbele, tusije tukamsingizia shetani. Njia ya Kondoa ni hivyohivyo, ila pale ni lori mnalopishana nalo: likishapita tu, unasukumwa pembeni.

Ufanyeje? Punguza mwendo mapema. Bana tangi kwa magoti na ulegeze mikono, maana ukiikaza, kila mtikisiko wa mwili unaingia kwenye usukani. Mzigo uwe chini na karibu na mgongo wako. Nimewahi kumwona mtu anatoka hapa mjini na godoro limesimama kwenye keria, turubai linapepea: yule alikuwa ametweka tanga! Halafu ondoka mara kunapopambazuka, kwa sababu upepo huzidi jua likipanda. "Lakini asubuhi kuna baridi." Vaa koti. Mtu wa Dodoma anashangaa baridi ya mwezi wa saba?

Na msiniambie pikipiki yenu ni nzito. Wengi humu mnaendesha zenye injini ya cc 125 na 150, hata mbuzi akijiegemeza zinayumba.

Naonyeshwa saa. Haya, mbiombio. Tairi lipimwe upepo asubuhi, kabla hujatembea. Tafuta herufi DOT ubavuni. Mwishoni mwa msururu ule kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiuziwa "jipya" lenye namba hiyo, mrudishie mwenyewe. Helmeti ifungwe mkanda, na ikishapata ajali nunua nyingine hata kama haina ufa, povu la ndani limeshabonyea. Maji unywe kabla hujasikia kiu. Usiku usisafiri, kati ya Bahi na Manyoni ng'ombe hawawashi taa.

Mnyororo nilikuwa nao maelezo marefu, nauacha. Mwenye safari ya Mtera kesho asiondoke kwanza, nataka nikaone amefungaje mzigo wake.