Jinsi ya kuweka kolajeni kwenye kidonda kinachochelewa kupona

Karibuni. Hii niliyoishika ni karatasi ya kolajeni, yaani protini inayojenga ngozi na nyama ya mwili. Nyingi hutokana na ng'ombe, nyingine nguruwe au samaki, kwa hiyo kabla hujafungua pakiti muulize mgonjwa kama ana mzio, na umwambie imetoka kwa mnyama gani. Wapo ambao imani yao haiwaruhusu.

Nawa mikono, vaa glavu. Osha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha kitazame vizuri. Nyama nyekundu? Endelea. Ukiona gamba jeusi kavu au nyama iliyokufa, ishia hapo mpaka mhudumu wa afya aiondoe. Usaha na wekundu unaosambaa navyo vitibiwe kwanza, maana kolajeni tupu haiui vijidudu.

Sasa kata karatasi ilingane na kidonda. Kama kidonda ni kikavu, ilowanishe kidogo kwa maji yaleyale. Kama kinatoa maji, iweke kavu. Ibonyeze taratibu iguse nyama yote ya chini. Funika kwa chachi na bandeji, kwa sababu yenyewe haijishikilii.

Hapo chini kuna kazi inaendelea. Kidonda sugu, kama kile cha mguu wa mwenye kisukari, kimejaa vimeng'enya vinavyotafuna kolajeni ambayo mwili unajitahidi kuijenga. Karatasi hii inajitoa kafara: vinaitafuna yenyewe, na mwili unapata nafasi. Seli zinazojenga nyama mpya nazo huitumia kama jukwaa la mafundi. Krimu ya kolajeni ya urembo ni kitu kingine kabisa, tafadhali msiipake kidondani.

Badilisha baada ya siku 1 hadi 7, kutegemea wingi wa maji na maelekezo ya pakiti. Ukifungua utakuta utelezi wa manjano, pengine na kaharufu. Wengi hushtuka wakidhani ni usaha. Osha kwanza ndipo uamue. Kipande kilichoganda usikibandue, mwili utakifyonza. Weka kipya juu yake.

Na mwenye kisukari asikikanyagie kidonda, la sivyo karatasi zote hizi ni hasara. Pima urefu na upana kila wiki, uandike. Kikifika wiki ya 4 bila kupungua hata nusu, arudi hospitali wachunguze mzunguko wa damu na mfupa.